Mambo ya Nje na Faida ya Kampuni: Funzo Kutoka Mashamba ya Mkonge

Kila mwaka kampuni hutoa hesabu yake ya faida na hasara. Anayeisoma, awe ni mwenye hisa, mfanyakazi, au mwananchi ambaye serikali yake imetia fedha humo, huwa na swali moja: je, kampuni hii imeendeshwa vizuri? Aghalabu jibu hutafutwa katika mstari wa mwisho wa hesabu. Ikiwapo faida, meneja husifiwa. Ikiwapo hasara, meneja hulaumiwa, na pengine huondolewa.

Desturi hii ni nyepesi, lakini si ya kisayansi. Mstari ule wa mwisho hukusanya pamoja mambo ya aina mbili: yale yaliyofanywa na kampuni yenyewe, na yale yaliyoikuta kampuni kutoka nje. Miongoni mwa mambo ya nje ni bei za soko la dunia, thamani ya fedha, kima cha riba, mfumko wa bei, na kuzuka kwa bidhaa mpya zenye kushindana na zile za zamani. Mambo hayo hayamtii meneja yeyote. Hata hivyo huweza kuigeuza faida ikawa hasara, au kuuficha uvivu chini ya faida nono.

Makala haya yanaeleza njia ambazo mambo ya nje hupitia mpaka yakafika katika hesabu za kampuni, na namna ya kuyatenganisha na matendo ya kampuni yenyewe. Mfano uliochaguliwa ni wa mashamba ya mkonge ya Tanzania, kwa kuwa ni vigumu kupata kazi nyingine ambayo imepigwa na pepo nyingi za nje kama hiyo.

Zao na soko lake

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika ya Mashariki. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na ni 62 tu iliyofika Pangani ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na mikoa mingineyo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani, ikawa ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa zao hilo.

Mambo mawili kuhusu zao hili yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni muda. Mkonge hukatwa majani kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama mitatu tangu kupandwa, kisha huendelea kukatwa kwa miaka kadhaa mpaka utoe mlingoti wa maua na kufa. Basi mwenye shamba hawezi kupanda leo kwa sababu bei imepanda leo. La pili ni mitambo. Katani ni kama sehemu nne tu katika kila sehemu mia za uzito wa jani. Kwa hiyo majani mengi sana hukatwa, husafirishwa na kupitishwa katika mtambo mkubwa uitwao korona ili kupata tani moja. Korona, reli za shambani, nyumba za wafanyakazi na barabara zote hugharimu fedha, majani yawe mengi au yawe machache.

Mnunuzi naye alikuwa mbali. Sehemu kubwa ya katani ilifanywa kamba za kufungia majani makavu ya kulishia mifugo huko Ulaya na Amerika. Hivyo mapato ya shamba la Korogwe yalitegemea mavuno ya mkulima wa Uingereza au Marekani, na yalitegemea pia kama mkulima huyo amepata kamba nyingine iliyo rahisi zaidi.

Kamba hiyo nyingine ilipatikana. Katika miaka ya 1950 wanakemia waligundua namna ya kutengeneza polipropilini, aina ya plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Katika miaka ya 1960 kamba za plastiki hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi. Bei ya katani, ambayo ilikuwa juu sana mwaka 1963, ilianza kushuka mwaka 1964, na ikaendelea kuwa dhaifu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa nini badiliko dogo la bei huleta badiliko kubwa la faida

Wengi hudhani kwamba bei ikishuka kwa asilimia 10, faida nayo itashuka kwa asilimia 10. Sivyo. Ili kuona sababu, na achukuliwe msomaji kwenye shamba la mfano. Tarakimu zake ni za kufundishia tu.

Shamba huzalisha tani 1,000 kwa mwaka na kuuza kila tani kwa shilingi 2,000. Gharama zake ni za namna mbili. Zipo gharama za kudumu, ambazo hulipwa hata kama hakuna jani lililokatwa: mishahara ya wafanyakazi wa kudumu, matengenezo, riba, na fungu la uchakavu wa mitambo. Hizo ni shilingi 900,000. Zipo pia gharama zinazobadilika kufuatana na wingi wa katani: ujira wa wakataji, mafuta ya korona, uchukuzi hadi bandarini. Hizo ni shilingi 700 kwa kila tani.

Mapato: 1,000 × 2,000 = Sh. 2,000,000
Gharama zinazobadilika: 1,000 × 700 = Sh. 700,000
Gharama za kudumu: Sh. 900,000
Faida: Sh. 400,000

Sasa bei ishuke kwa asilimia 10, iwe shilingi 1,800. Mapato yatakuwa 1,800,000. Gharama hazikubadilika, kwani majani ni yale yale na korona ni ile ile. Faida itakuwa shilingi 200,000. Bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini faida imepungua kwa nusu. Bei ikishuka kwa asilimia 20, faida yote itatoweka. Ikipanda kwa asilimia 10, faida itafika 600,000, na huenda meneja akapewa zawadi ingawa hakufanya lolote jipya.

Kanuni yake ni rahisi. Gawa mapato kwa faida. Hapa ni 2,000,000 kwa 400,000, yaani 5. Kila asilimia moja ya badiliko la bei huleta asilimia tano za badiliko la faida, ikiwa kiasi na gharama havikubadilika. Kadiri faida ilivyo nyembamba kulinganisha na mapato, ndivyo kampuni inavyotikiswa zaidi na upepo ule ule.

Swali hufuata: bei ikishuka hadi shilingi 1,500, mbona mwenye shamba asifunge? Akiendelea kuzalisha atapata hasara ya 100,000. Lakini akifunga, gharama za kudumu bado zitamkabili, na hasara yake itakuwa 900,000. Kila tani anayouza kwa 1,500 inalipa gharama zake yenyewe za 700, na kubakiza 800 za kupunguza mzigo wa gharama za kudumu. Kwa sababu hiyo mashamba huendelea kukata majani bei ikiwa mbaya. Na kwa kuwa yote hufanya hivyo, katani haipungui sokoni, na bei hukawia kupanda.

Thamani ya fedha

Bei inaweza kubaki pale pale ng'ambo, lakini mapato ya nyumbani yakapungua. Hilo lilitokea mwezi Novemba mwaka 1967, Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni yake kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Tanzania, Kenya na Uganda hazikufuata. Shilingi zao zilibaki na thamani yake kwa dola. Kabla ya siku hiyo pauni moja ilikuwa shilingi 20. Baada yake ikawa shilingi 17 na senti 14 hivi.

Wakati huo bei ya katani katika soko la London ilitajwa kwa pauni. Ikiwa shamba la mfano liliuza tani kwa pauni 100, basi shilingi 2,000 zimekuwa 1,714. Upungufu ni shilingi 286 kwa tani, yaani 286,000 kwa mwaka. Faida ya 400,000 imebaki 114,000. Hakuna jani lililoharibika, hakuna mfanyakazi aliyegoma. Uamuzi uliofanywa London umechukua zaidi ya theluthi mbili za faida. Ni kweli kwamba vipuri vilivyonunuliwa kwa pauni navyo vilikuwa rahisi zaidi, lakini ujira, ambao hulipwa kwa shilingi, haukupungua.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 jambo kama hilo lilirudi kwa sura nyingine. Bei za vitu nchini Tanzania zilikuwa zikipanda kwa asilimia 30 hivi kila mwaka, wakati thamani rasmi ya shilingi ilishushwa polepole tu. Muuzaji wa katani alipokea shilingi chache kwa kila dola, lakini gharama zake zilipanda kila mwezi. Alibanwa kama muwa kati ya magurudumu mawili ya mtambo.

Kisha mwaka 1986 shilingi ilishushwa kwa kishindo: dola moja, iliyokuwa kama shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka, ilizidi shilingi 50 mwaka ulipokwisha. Kwa mwenye katani ya kuuza ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mwenye deni la ng'ambo ilikuwa balaa: deni la dola 100,000, lililoandikwa kama shilingi 1,700,000, liligeuka kuwa zaidi ya 5,000,000 pasipo kukopa hata senti moja zaidi. Tukio moja, basi, laweza kuiokoa kampuni hii na kuizamisha ile.

Mafuta ya petroli: adui na rafiki

Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ghafi ilipanda kutoka dola kama 3 hadi karibu dola 12. Kwa kampuni nyingi hii ilikuwa hasara tupu, kwani dizeli na uchukuzi vilipanda. Shamba la mkonge nalo lililipa zaidi kwa dizeli ya korona na ya malori.

Lakini kamba ya plastiki hutokana na petroli hiyo hiyo. Mafuta yalipopanda, mshindani wa katani naye alipandishiwa gharama, wanunuzi wakaikimbilia katani, na mwaka 1974 bei ya katani ilikuwa mara kadhaa ya ile ya miaka michache kabla. Funzo hapa ni kwamba haitoshi kuuliza, «Jambo hili litaongeza gharama zetu kwa kiasi gani?» Ni lazima kuuliza pia, «Litamfanya nini mshindani wetu?»

Riba na mfumko wa bei

Riba huingia katika hesabu kwa njia iliyo wazi. Kama shamba la mfano lina mkopo wa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 8, hulipa 120,000 kwa mwaka, ambazo zimo tayari katika zile gharama za kudumu. Riba ikipandishwa hadi asilimia 12, malipo yatakuwa 180,000, na faida itapungua kwa 60,000. Kampuni isiyo na deni haitasikia kitu.

Mfumko wa bei ni mjanja zaidi, kwa kuwa huongeza faida katika karatasi huku ukila mtaji. Korona inunuliwe kwa shilingi 500,000 na itazamiwe kufanya kazi miaka 10. Mhasibu ataweka kando shilingi 50,000 kila mwaka kama fungu la uchakavu, na baada ya miaka 10 kampuni itakuwa na 500,000 za kununulia korona mpya. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka kwa miaka 10, korona ile ile itagharimu karibu mara 14, yaani shilingi milioni 6.9 hivi. Faida zilizotangazwa katika miaka hiyo, zikatozwa kodi na kugawiwa wenye hisa, kwa sehemu kubwa hazikuwa faida. Zilikuwa vipande vya korona ya zamani vilivyouzwa kidogo kidogo.

Jambo la nje linavyogeuka kuwa la ndani

Hadi hapa yaweza kuonekana kwamba kampuni ni kama jani linalopeperushwa. Sivyo ilivyo, na hapa ndipo kiini cha somo. Pigo la nje hupita. Lakini lile ambalo kampuni ililifanya wakati wa pigo hubaki.

Bei ikishuka, meneja hutafuta gharama ya kupunguza. Hawezi kuacha kulipa riba, wala hawezi kukata majani bila wakataji. Iliyo rahisi kuahirishwa ni palizi, matengenezo ya mitambo, na kupanda miche mipya. Kuahirisha huko hakuonekani katika hesabu ya mwaka huo. Kinyume chake, huifanya hesabu ipendeze. Madhara yake huonekana baada ya miaka mitatu, minne au kumi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mashamba mengi baada ya 1964. Bei dhaifu ilipunguza upandaji, mashamba mengine yakaachwa yakaota magugu, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Bei nzuri ya 1974 ilipokuja, Tanzania ilizalisha tani chini ya 150,000, kwa kuwa miche ambayo ingekatwa mwaka huo haikupandwa ilipopaswa kupandwa. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyeungojea hakuwa na mzigo wa kuupitisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964.

Je, anguko hili lote lilitokana na soko la dunia? Wapo wanaotaja bei na plastiki. Wapo wanaotaja usimamizi baada ya serikali kuchukua sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967. Wapo wanaotaja uhaba wa wafanyakazi na thamani ya shilingi. Njia moja ya kupima hoja hizo ni kuwatazama waliopigwa na upepo ule ule. Kenya na Brazil ziliuza katani katika soko hilo hilo na kushindana na plastiki hiyo hiyo. Uzalishaji wa Kenya haukuporomoka kwa kadiri ya Tanzania, na Brazil iliipita Tanzania ikawa ya kwanza duniani. Basi soko la dunia laeleza sehemu ya anguko, si anguko zima. Sehemu iliyobaki lazima itafutwe nyumbani, katika sera na katika mashamba yenyewe.

Namna ya kutenganisha

Mwanasayansi akitaka kujua athari ya jambo moja, huyashikilia mengine yasibadilike. Msomaji wa hesabu aweza kufanya vivyo hivyo kwa kalamu na karatasi.

Mwaka wa kwanza shamba la mfano lilipata faida ya 400,000, kama ilivyoonyeshwa. Mwaka wa pili bei imepanda hadi shilingi 2,600. Shamba limezalisha tani 850 tu. Gharama zinazobadilika zimefika 800 kwa tani, na za kudumu 980,000. Mapato ni 2,210,000, gharama zote ni 1,660,000, na faida ni 550,000. Faida imeongezeka kwa 150,000, na bodi inapongezana.

Lakini na ihesabiwe upya kwa bei ya mwaka wa kwanza. Tani 850 kwa shilingi 2,000 ni 1,700,000. Ukitoa gharama za 1,660,000, inabaki faida ya 40,000. Kwa hiyo ongezeko la bei pekee limeleta 510,000, na hali ya shamba lenyewe imeshuka kwa 360,000. Kiasi hicho chaweza kugawanywa: tani 150 zilizopungua, kila moja ikiwa na ziada ya 1,300, ni 195,000; ongezeko la 100 kwa kila tani ni 85,000; na ongezeko la gharama za kudumu ni 80,000. Hayo ndiyo ambayo bodi ingepaswa kuyauliza. Baadhi yake huenda yakawa ya nje vilevile, kama vile bei ya dizeli. Lakini kila fungu sasa lina jina lake, na meneja anaweza kulijibia.

Kampuni haina uwezo wa kuamuru bei wala thamani ya fedha. Inao uwezo wa kutokopa kupita kiasi wakati wa neema, kuuza kwa wanunuzi wa aina nyingi, kutodanganywa na faida ya karatasi, na kuendelea kupanda miche mwaka wa shida kwa fedha zilizowekwa mwaka wa neema. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa shamba la mkonge akiba hiyo si fedha za benki tu, bali ni mche ulio ardhini.

Maswali ya zoezi

1. Shamba la mfano linauza tani 1,000 kwa shilingi 2,000. Tafuta bei ambayo chini yake ni afadhali kufunga kuliko kuendelea kuzalisha. Eleza sababu.

2. Kampuni A na B zina mapato sawa ya shilingi 2,000,000. Faida ya A ni 500,000, ya B ni 100,000. Bei ikishuka kwa asilimia 4 na gharama zisibadilike, faida ya kila moja itapungua kwa asilimia ngapi?

3. Taja jambo moja la nje ambalo huinufaisha kampuni ya uchukuzi katika wilaya yako na kuidhuru kampuni nyingine. Onyesha njia ambayo jambo hilo hupitia mpaka kufika katika hesabu za kila moja.

4. «Hasara ya mwaka mmoja si ushahidi wa usimamizi mbaya.» Jadili, ukitumia mfano wa pauni ya mwaka 1967.